Uwanja wa Mwenge na Klabu Zisizo na Kwao

Tarehe 18 Agosti 2024 klabu ya Simba ilianza msimu wake wa Ligi Kuu kwa kuifunga Tabora United mabao 3 kwa bila. Matokeo hayo hayakumshangaza mtu. Lililostahili kushangaza, na ambalo lilipita bila ya kusemwa sana, ni mahali ulipochezwa mchezo wenyewe. Simba, klabu iliyozaliwa 1936, yenye wapenzi kutoka Mtwara hadi Bukoba na kutoka Chake Chake hadi Kigoma, ilikuwa mwenyeji katika uwanja usiokuwa wake, wala usiokuwa wa Serikali Kuu, wala wa Chama. Ilipokea wageni wake katika uwanja wa Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni, pale Mwenge, uwanja wenye nafasi za watazamaji elfu chache tu, ambao ulikusudiwa uwe maskani ya timu ya halmashauri hiyo, KMC. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo watani wao, Yanga, nao walihamia hapo wakitokea Chamazi. Hivyo uwanja mmoja mdogo wa manispaa ukawa nyumbani kwa timu tatu za Ligi Kuu kwa wakati mmoja.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza: la Mwenge linatuhusu nini sisi? Linatuhusu sana. Miezi tisa baada ya mchezo ule, Simba hiyo hiyo ilivuka bahari ikaja kuufanya uwanja wetu wa Amaan kuwa nyumbani kwake katika fainali ya Afrika. Yaliyotokea Mwenge na yaliyotokea Amaan ni jambo moja, na viongozi wetu wa michezo, wa halmashauri na wa mabaraza ya miji hawana budi kulitazama kwa pamoja. Swali lililopo ni hili: uwanja uliojengwa kwa mali ya wananchi, ukishakuwa mzuri, huwa wa nani?

Tuanze na asili ya mambo. Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wakajitenga, na kutokana nao ikaja kutokea timu iliyojulikana kwa jina la Sunderland, jina lililochukuliwa kutoka Uingereza. Wazee wa mpira husimulia kwamba Marehemu Mzee Abeid Amani Karume ndiye aliyewahimiza waliache jina hilo la kigeni, na 1971 wakajiita Simba. Husimuliwa pia kwamba mkono wake ulikuwamo katika kuziwezesha klabu zote mbili kupata majengo ya makao makuu, moja mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo na nyingine Jangwani. Kwa hiyo klabu hizi zikawa na ofisi, zikawa na kumbi za mikutano, zikawa na baraza ambapo wazee hukaa jioni na kuzozana. Lakini uwanja wa mashindano hazikuwa nao. Yanga walikuwa na uwanja wao wa mazoezi ulioitwa kwa jina la Kaunda, lakini bonde la Msimbazi lina tabia yake, na kila masika makubwa maji yakidai njia yao ya zamani kiwanja hicho hugeuka bwawa. Simba walikuja kupata kiwanja cha mazoezi Bunju, nje kabisa ya mji, mwishoni mwa 2019. Tunasema tena: cha mazoezi. Klabu mbili zilizokaribia miaka 90 ya umri wao bado zilikuwa zikicheza michezo yao ya ligi katika nyumba za watu.

Ilikuwaje? Jibu liko Temeke. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa katika Uwanja wa Taifa, na tangu hapo uwanja ule ukawa mali ya kila mtu. Hapo ndipo taifa lilipofanyia sherehe zake, na hapo ndipo Simba na Yanga walipokutana mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1974 Simba walifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Afrika, wakaifunga Mehalla ya Misri bao 1 kwa bila Dar es Salaam, wakafungwa idadi hiyo hiyo huko Misri, na wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1993 walifika fainali ya Kombe la CAF, wakatoka sare bila ya mabao Abidjan, kisha wakafungwa 2 kwa bila na Stella mbele ya watu wao wenyewe Dar es Salaam. Watu wa mjini wakaubandika uwanja ule jina la utani, Shamba la Bibi. Serikali kwa upande wake ikauita Uwanja wa Uhuru. Katika jina lile la utani kuna ukweli kuliko wanavyodhani waliolitunga. Shamba la bibi ni lile ambalo kila mjukuu huingia akachuma embe, na hapana hata mmoja anayeulizwa nani atakayelipalilia.

Hatusemi hivi kwa kubeza. Katika miaka ile ilikuwa ni siasa sahihi kwamba Serikali ijenge uwanja mmoja mkubwa na klabu zote ziutumie, kuliko kila klabu kuhangaika na kibanda chake. Mpira ulikuwa wa ridhaa, wachezaji walikuwa wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa viwanda na wa majeshi, na fedha za mlangoni ndizo zilizowalisha kambini. Mikoani nako wananchi walijitolea nguvu na michango chini ya uongozi wa Chama, na matunda yake ni viwanja kama Kirumba kule Mwanza na Sokoine kule Mbeya, ambavyo hadi leo viko mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi. Viongozi wa zama zile walistahili sifa, na sisi makada ni wa kwanza kuwapa.

Kasoro ilikuja pale siasa ile ilipogeuka kuwa mazoea. Mpira ukabadilika, ukawa wa kulipwa. Klabu zikaanza kuleta wachezaji kutoka Ghana, Zambia, Kongo na Ivory Coast, zikawalipa mishahara ambayo mkurugenzi wa wilaya haioti. Benki ikabandika jina lake juu ya ligi. Mwezi wa Mei 2021 ikatiwa saini mikataba ya matangazo ya televisheni ya thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Mambo yote yakabadilika isipokuwa moja: klabu ziliendelea kungojea Serikali iwape pa kuchezea.

Na Serikali ikawapa, tena kwa ukarimu mkubwa. Rais Benjamin Mkapa aliacha kazi 2005 akiwa amekwisha kuanzisha ujenzi wa uwanja mpya jirani na ule wa zamani, kwa ushirikiano na Jamhuri ya Watu wa China, na 2007 uwanja wa viti 60,000 ukafunguliwa. Tangu 2020, alipofariki, unaitwa kwa jina lake. Brazil ilicheza pale na Taifa Stars tarehe 7 Juni 2010, nasi tukafungwa 5 kwa 1, lakini siku ile ni wachache waliohesabu mabao. Oktoba 20, 2023 Simba na Al Ahly walifungua hapo mashindano mapya ya klabu za Afrika kwa sare ya 2 kwa 2. Tarehe 2 Agosti 2025 mashindano ya CHAN yakafunguliwa hapo, Tanzania ikaifunga Burkina Faso 2 kwa bila. Ni uwanja wa heshima, na aliyeujenga alijua anajenga kwa ajili ya wajukuu.

Hata hivyo uwanja wa watu 60,000 ni mzigo. Unataka umeme, maji, walinzi, wafagiaji, na zaidi ya yote unataka nyasi zipumzike. Klabu mbili zenye michezo ya ligi, ya kombe na ya Afrika, pamoja na timu ya taifa, na siku nyingine hafla za kitaifa, vyote juu ya kiwanja kimoja, ni sawa na kulima shamba misimu mitatu kwa mwaka bila ya samadi. Matokeo yake tuliyaona: matengenezo ya muda mrefu, kufungwa na kufunguliwa, na mwezi wa Machi 2025 Shirikisho la Afrika likaukataa kwa muda kutokana na hali ya sehemu ya kuchezea. Mwezi huo huo likatokea lile la Simba na Yanga. Jioni ya Machi 7 Simba walifika uwanjani kufanya mazoezi ya mwisho, wakasema wamezuiwa kuingia. Siku ya pili yake mchezo mkubwa kuliko yote nchini ukaahirishwa, watu wakiwa wamekwisha safiri kutoka mikoani na kutoka kwetu huku visiwani. Ulichezwa Juni 25, na Yanga wakashinda 2 kwa bila. Nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo, vyombo vinavyohusika vilikwisha kulizungumza. Sisi tunaona jambo moja tu. Mwenyeji na mgeni waligombea mlango wa nyumba ambayo si ya mmoja wao.

Hapo ndipo tunapofika Mwenge.

Msomaji anayeshuka botini pale bandarini Dar es Salaam akapanda daladala la kwenda kaskazini ataifikia Mwenge pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na barabara ya Sam Nujoma. Wengi huijua kwa kijiji cha wachonga vinyago, ambako mafundi hukaa wakipasua mpingo mchana kutwa na watalii huja na kuuliza bei. Chuo Kikuu hakiko mbali. Kambi ya Lugalo haiko mbali. Ni mji wa wafanyakazi, wapangaji na wachuuzi, uliokua haraka kuliko ramani zake. Hapo ndipo Manispaa ya Kinondoni ilipoona vema kuiwekea timu yake makao.

KMC yenyewe ina habari yake, na tunaomba ruhusa ya kuisimulia. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2018/19, na katika msimu huo huo wa kwanza ikamaliza katika nafasi ya 4, ikapata hata tiketi ya mashindano ya Afrika ambako ilitolewa na AS Kigali ya Rwanda. Kwa timu ya halmashauri hilo si jambo dogo. Lakini timu hiyo ilikuwa mtoto asiye na chumba. Michezo yake ya nyumbani iliichezea Uhuru, na zilipokuja timu kubwa mara nyingine iliamua kuichukua michezo hiyo mikoani, kufuata watu na mapato. Mwezi wa Oktoba 2021 KMC iliwakaribisha Yanga nyumbani. Nyumbani hapo palikuwa Songea, uwanja wa Majimaji, karibu kilomita elfu moja kutoka Kinondoni. Mkaazi wa Mwenge, Kawe au Mwananyamala ambaye ushuru wake ndio unaoiendesha halmashauri, angetaka kuitazama timu yake angelala njiani. Timu ikafungwa 2 kwa bila, na halafu ikarudi kwao ambako haikuwa na kwao.

Kwa hiyo uamuzi wa kujenga Mwenge ulikuwa wa busara. Wapo waliouliza, na bado wapo wanaouliza, kwamba halmashauri ina haja gani ya kujenga uwanja wakati skuli zina upungufu wa madarasa na mitaro imeziba. Hoja hiyo ni nzito, na ofisa yeyote anayeidharau hafai kukaa juu ya kiti chake. Lakini atazame Kinondoni ilivyo. Viwanja vya wazi vya mji ule vimepungua mwaka hadi mwaka. Palipokuwa na magoli mawili ya miti pamesimama ghorofa au gereji. Viwanja vikubwa vilivyobaki, kama Biafra na kile cha Tanganyika Packers kule Kawe, vina kazi nyingine pia: mikutano ya siasa, mihadhara ya dini, maonyesho. Kijana wa miaka 14 anacheza wapi? Mji usiompa kijana mahali pa kukimbia utampa mahali pengine pa kukaa, na gharama za mahali hapo huja kulipwa na polisi na hospitali. Madarasa na viwanja hugombana katika karatasi za bajeti tu. Katika maisha ya mtoto ni kitu kimoja.

Uwanja wa Mwenge basi ulijengwa kwa haki. Ndipo wakaja wakubwa.

Mgeni njoo mwenyeji apone, na ni kweli kwamba KMC na manispaa yake walipona kwa namna fulani. Simba na Yanga hawaji bure; mwenye uwanja hupata malipo, wachuuzi wa kahawa, maji na fulana wa eneo zima hupata riziki, na jina la Mwenge likaingia katika kila redio. Tarehe 5 Februari 2025 Yanga waliifunga KenGold mabao 6 kwa 1 hapo, na siku kama hiyo mama anayeuza chapati nje ya lango hana malalamiko. Klabu nazo zilipata wepesi. Kuufungua uwanja wa Mkapa kwa ajili ya watazamaji elfu tatu waliokuja kuiona timu ya mkiani ni hasara; majukwaa matupu hayaimbi, na gharama ni zile zile. Uwanja mdogo uliojaa una joto. Tena, kwa kuwa fedha za televisheni na za wadhamini zimepita zile za mlangoni, klabu haina tena hofu ya kuwaacha wapenzi wake nje. Na hapa ndipo pana maumivu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mpira wetu, imekuwa ni jambo la kawaida klabu yenye mamilioni ya wapenzi kuchezea mahali ambapo wapenzi hao hawawezi kuingia. Mwenye televisheni ataona. Asiyekuwa nayo atakwenda kwenye banda la kuoneshea mpira na kulipa huko.

Ni vyema pia kuwatazama waliochukua njia nyingine. Azam ilianza 2004 kama timu ya wafanyakazi, ikapanda Ligi Kuu 2008, na muda si mrefu baadaye ikawa na uwanja wake mwenyewe Chamazi, huko Mbagala, mahali ambapo wakati huo wajanja wa mjini walipaona ni porini. Mwenye kampuni hiyo, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa Zanzibar, na wengi wa wasomaji wetu wanaovuka bahari hupanda vyombo vyake. Uwanja ulikuja mapema, na ubingwa ukafuata: msimu wa 2013/14 Azam ilitwaa ligi bila ya kufungwa hata mchezo mmoja, na 2015 ikachukua Kombe la Kagame bila ya kuruhusu bao. Watasema Azam ina tajiri. Sawa. Je, Simba na Yanga hawana? Jeshi la Kujenga Taifa nalo lina uwanja wake wa Meja Jenerali Isamuhyo kule Mbweni, na jeshi hilo halifanyi biashara ya wachezaji wa kigeni. Basi katika Dar es Salaam moja, timu ya kampuni ina kwao, timu ya jeshi ina kwao, timu ya halmashauri ina kwao, na klabu mbili kongwe zenye fedha na watu kuliko wote hao zinabisha hodi.

Sasa turudi kwetu. Uwanja wa Amaan ulijengwa kwa msaada wa China na ukafunguliwa 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi. Ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena tarehe 27 Desemba 2023, ukiwa na taa, viti na vyumba vinavyokubaliwa na Afrika. Tangu hapo wageni hawakukatika. Tarehe 2 Juni 2024 Yanga na Azam walichezea hapo fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga wakashinda kwa penalti. Aprili 20, 2025 Simba waliifunga Stellenbosch ya Afrika Kusini bao 1 kwa bila katika nusu fainali. Na Mei 25, 2025, baada ya uwanja wa Mkapa kukosa kibali, ikaja fainali yenyewe ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba walikuwa wamefungwa 2 kwa bila na RS Berkane kule Morocco. Amaan wakapata bao mapema, wakabaki 10, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Kombe likaenda Morocco. Lakini kwa siku moja macho ya bara zima yalikuwa Unguja, na aliyekuwa Mkunazini au Darajani siku ile hahitaji kuelezwa na sisi.

Fahari hiyo tunaichukua kwa mikono miwili. Tunachowaomba viongozi ni kwamba isitulevye. Amaan ilifaa siku ile kwa sababu ilikuwa mpya. Mkapa nayo ilikuwa mpya 2007. Mwenge ni mpya leo. Kila uwanja wetu hupendwa na kila mtu katika miaka yake ya mwanzo, hutumiwa na kila mtu katika miaka ya katikati, na hulaumiwa na kila mtu mwishoni. Viwanja vya mikoani vilivyojengwa kwa jasho la wananchi vimepita njia hiyo hiyo, na Bodi ya Ligi imewahi kuvifungia baadhi yake kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea. Chama chetu kinastahili kuambiwa hayo na watu wake wenyewe kabla hakijaambiwa na wengine: kumiliki uwanja ni kuutunza, na hati peke yake haioteshi nyasi.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulifundishwa maana ya wakfu. Mtu huitoa mali yake, kisima, duka au shamba la minazi, iwafae watu mpaka mwisho wa dunia. Mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Ina msimamizi, na msimamizi haimiliki. Kazi yake ni kuitunza, kukusanya pato lake, kulitumia katika lile aliloliagiza mwenye kuweka, na kutoa hesabu. Hapa Zanzibar tunayo Kamisheni nzima ya Wakfu na Mali ya Amana, na watendaji wake wanalijua hili kuliko sisi. Uwanja wa umma hautofautiani sana na kisima cha wakfu. Msafiri mwenye msafara wa ngamia hakatazwi kuteka maji, ila hawezi kukizunguka kisima mchana kutwa wanyama wake wakanywa na watoto wa kijiji wakasimama na ndoo tupu. Na akiondoka, aache kitu cha kununulia kamba.

Kwa hiyo tungependa kuona mambo yafuatayo yakisemwa waziwazi huko Kinondoni, na hapa Amaan na Gombani pia. Mikataba baina ya halmashauri au Serikali na klabu inayokodi iwe ni karatasi ambayo diwani anaweza kuisoma na mwananchi anaweza kuiuliza. Iandikwe humo kiasi gani kinalipwa kwa mchezo, na katika hicho, kiasi gani kinakwenda moja kwa moja katika mfuko wa kutunza kiwanja bila ya kupitia katika mahitaji mengine ya ofisi, kwani tunavijua vizuri hivyo vinavyoitwa mahitaji mengine. Iandikwe siku za wiki ambazo uwanja ni wa skuli na wa timu za mitaa, na siku hizo zisifutwe kwa sababu kocha wa kigeni anataka kufanya mazoezi faraghani. Iandikwe pia idadi ya tiketi ambazo wakaazi wa mtaa wenye uwanja watazipata kwa bei wanayoiweza.

Na milango. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa utulivu. Tarehe 21 Machi 2021, wananchi walipokwenda kumuaga Rais Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa katika msongamano. Tarehe 28 Mei 2023, siku Yanga walipocheza fainali ya kwanza na USM Alger, mtu mmoja alikufa katika msongamano uwanjani Mkapa. Hao walikuwa watu waliotoka nyumbani kwao na mapenzi, wengine kwa kiongozi wao na mwingine kwa timu yake, na hawakurudi. Uwanja mdogo una hatari yake mwenyewe: timu yenye watu wengi ikichezea mahali penye nafasi chache, umati unabaki langoni. Halmashauri inayoingiza klabu kubwa katika uwanja mdogo imebeba dhamana hiyo pia, na haiwezi kuipachika klabu wala polisi. Idadi ya tiketi, upana wa njia za kutokea, gari la wagonjwa na mahali litakaposimama, hayo yatangulie kabla ya tangazo la mchezo.

Kuhusu klabu zenyewe tutasema machache, kwa sababu yamesemwa sana. Kila uchaguzi wa klabu hizi huja na picha ya uwanja: majukwaa, taa, maegesho, rangi za klabu juu ya paa. Picha hizo zingeweza kuezekea nyumba. Mwaka 2027 Tanzania itakuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda, na kwa ajili hiyo Serikali ilianza 2024 kujenga uwanja mpya wa watazamaji 30,000 Arusha. Serikali imefanya lake. Wanachama wa Msimbazi na Jangwani, ambao walipokuwa mafukara waliweza kujichangia wakapata majengo, wawaulize viongozi wao ni kwa nini katika zama za mabilioni wameshindwa kuongeza hata jukwaa moja la watu elfu kumi. Waulize katika mkutano mkuu, kwa adabu, na wasikubali kujibiwa kwa picha nyingine.

Halmashauri ya Kinondoni imeonesha kwamba jambo linawezekana kwa kiwango cha manispaa. Mabaraza yetu ya miji huku visiwani nayo yana viwanja vidogo vingi vya mitaa ambavyo vinangojea uzio, mabomba ya maji na msimamizi mwenye mshahara. Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF 1995 kwa wachezaji waliokulia katika viwanja kama hivyo. Wizara zinazohusika, za Bara na za Zanzibar, zingefanya vyema kuwakutanisha wasimamizi wa Mwenge, wa Chamazi, wa Mkapa, wa Amaan na wa Gombani katika meza moja, wabadilishane hesabu za maji, za mbolea na za taa, waambiane mchezo mmoja unakila kiwanja kiasi gani na kinahitaji siku ngapi kupona. Hesabu hizo zichapwe. Gazeti hili liko tayari kuzipa nafasi.